Narsavva na Mota Iliyonguruma Peke Yake

Mimi ni dereva wa trekta, jina langu Odelu, na sina pampu wala shamba la kumwagilia. Kwa hiyo nikiwasema wenye pampu wa kijiji chetu, nawasema bila kuogopa kwamba kesho mtu atanizibia mfereji. Nina hasira nao. Misimu imepita na hasira haijapoa, na wanapokuja kwenye kibanda cha kunywea tembo kuniambia, "Odelu, hayo si yameshapita," ndiyo kwanza inapanda.

Yamepita kwao. Kwa Narsavva hayajapita.

Narsavva utamjua kwa mundu. Akitoka asubuhi huuchomeka kiunoni, kwenye mkunjo wa sari, na hautoi mpaka usiku anapojinyoosha kitandani. Ni mwanamke mwembamba mwenye sauti ya kuvuka mashamba matatu. Mumewe, Lingaiah, alifia chini ya transfoma yetu. Fyuzi ilikatika kiangazi, fundi wa laini ana vijiji chungu nzima na pikipiki mbovu, basi wanaume wakamwambia Lingaiah, wewe una mkono mwepesi, hebu nenda. Akaenda na mwanzi wake na kipande cha waya. Swichi ya juu ilikuwa haijashuka sawasawa, umeme ukampiga. Msibani watu wakasema siku yake ilifika. Narsavva akawajibu mbele ya wageni kwamba siku haikufika yenyewe, ililetwa na watu wavivu. Tangu hapo wakamwona ana mdomo mchafu.

Alibaki na shamba dogo mwinukoni, la udongo wa kichanga, na kisima kirefu chenye mota ndogo. Mpunga wa shamba lile ndio chakula chake cha mwaka. Shamba la bondeni likikosa maji hunung'unika kwanza kabla ya kufa. La Narsavva halinung'uniki. Likikosa maji kwa siku chache za jua kali limekwisha.

Sasa sikiliza ujinga wetu. Umeme wa mashambani ulikuwa ukija kwa zamu: saa nne asubuhi unaingia, alasiri unakatika. Na kijiji kizima kiliamini transfoma ni tangi. Waliamini umeme unatoka mbali, unajaa mle ndani, na ukifunguliwa, atakayewahi atashiba na atakayechelewa atakuta makapi. Sisi ni watu wa maji ya kugombania, baba zetu walipasuana vichwa kwa majembe kwa ajili ya mfereji, basi tukadhani na umeme ni hivyo hivyo. Kila mwenye mota akanunua otomatiki. Ni kiboksi kidogo, kinafungwa kando ya swichi. Mwenye shamba awe amelala, awe anacheza karata, umeme ukirudi tu kiboksi kinaiwasha mota chenyewe. Saa nne ikifika mota zote za upande wetu zinanguruma kwa mpigo mmoja, na wenyewe huko waliko wanatabasamu kwamba wamewahi.

Mwenye mota kubwa kuliko wote ni Gopal Rao. Tunamwita Dora, yaani bwana mkubwa, kama babu zetu walivyomwita babu yake. Ardhi yenyewe ilishagawanywa zamani, lakini ulimi wetu bado haujapata habari.

Mwaka huo mpunga ulikuwa umeshika vizuri, unakaribia kutunga suke, transfoma ikaungua. Ukiwangoja watu wa shirika la umeme walete nyingine utangoja mpaka mpunga uwe nyasi za kuezekea, kwa hiyo desturi yetu ni kuishusha wenyewe na kuipeleka kwa fundi mjini. Wakaniita na trela langu. Wanaume wanne wakapanda, na Narsavva akapanda.

"Shangazi, wewe unakwenda wapi?" nikamuuliza.

"Nakwenda na marehemu," akasema, akaipiga transfoma kofi. "Hawa watamwacha njiani waingie kwenye tembo."

Na kweli, tulipofika kwenye karakana ya Mahbub waliishusha, wakafuta jasho, wakapotelea kibandani. Tukabaki mimi na yeye. Mahbub ni mtu wa mzaha, mikono yake imekuwa myeusi kwa mafuta tangu nikiwa sijaota ndevu.

"Wanaume wako wapi, mama?" akauliza.

"Wamekwenda kuanua matanga."

"Na wewe huendi?"

"Mimi nataka kuona ndani ya tangi."

"Tangi gani?"

"La umeme, we mzee. Nilionyeshe lilipopasuka."

Mahbub alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akafungua kifuniko, akavuta mnyororo, na matumbo ya transfoma yakapanda juu yakichuruzika mafuta meusi yenye harufu ya kuungua. Mlikuwa na nguzo za chuma, na kwenye kila nguzo waya wa shaba umezungushwa na kuzungushwa, koili ndani ya koili. Zilikuwa zimeungua, karatasi zake za kuzitenga nyaya zimekuwa makaa.

"Haya, umeme uko wapi?" akasema Mahbub. "Tafuta. Hata ikiwa nzima huukuti. Hii haiweki akiba, mama. Inapokea na kutoa papo hapo."

"Inapokea kwa waya huu na kutoa kwa ule?"

"Ndiyo. Na nyaya hizo mbili hazigusani hata kidogo."

Narsavva akamtazama kama anamtazama muuza ng'ombe. "Hazigusani, halafu umeme unavuka? Unaruka ukuta?"

"Hauvuki. Unaamshwa mwingine." Akachukua kipande cha chuma, akakizungushia uzi. "Umeme wa kwenye laini haukai upande mmoja, unakwenda na kurudi, kwenda na kurudi, upesi kuliko kope. Ukipita kwenye koili hii, chuma hiki kinakuwa sumaku, na sumaku nayo inageuka kila umeme unapogeuka. Ule mvumo unaousikia ukisimama karibu ndio huo. Sasa koili ya pili imekumbatia chuma hicho hicho. Sumaku ikitikisika ndani yake, umeme mwingine unaamka kwenye koili ya pili. Sumaku ikitulia, hakuna kitu."

"Na nguvu?"

"Nguvu ya kusukuma inafuata mizunguko. Huku waya mwembamba, mizunguko mingi sana, ndiko unakoingia msukumo mkali wa laini kubwa, volti elfu kumi na moja. Huku waya mnene, mizunguko michache, unatoka msukumo mdogo ambao mota yako inauweza. Ukipunguza mizunguko unapunguza msukumo. Basi."

Narsavva akainama, akaigusa koili iliyoungua kwa ncha ya mundu. "Mbona wasituletee huo mdogo moja kwa moja, tukaepukana na hili dubwana?"

"Kwa sababu ya njia ndefu. Kazi ile ile ya umeme unaweza kuituma kwa msukumo mdogo na umeme mwingi, au msukumo mkubwa na umeme kidogo. Ule wingi ndio unaochemsha waya. Ukiutuma mwingi kutoka huko mbali, nusu yake itaishia kuwapasha moto kunguru. Kwa hiyo kule wanapandisha msukumo, umeme unasafiri ukiwa haba, na karibu na wewe transfoma inaushusha."

Akaichokonoa koili. "Lakini hii yenu haikufa kwa uzee. Hii imebebeshwa. Mnafanya nini huko?"

Narsavva akamweleza habari ya otomatiki. Nilimwona Mahbub akiacha kucheka.

"Zote kwa pamoja? Mota za kijiji kizima?"

"Zote."

"Mama, ng'ombe akivuta mkokoteni uliojaa, anaumia wapi?"

"Pale anapoung'oa. Ukishatembea ni rahisi."

"Mota ni hivyo hivyo. Ikianza inataka umeme mara tano, mara sita ya ule wa kuzunguka. Zikianza moja moja, transfoma inazimudu zote. Zikianza pamoja, inaombwa mara sita ya kijiji kizima. Na hii haijui kusema hapana. Inatoa, inachemka, mafuta yanashindwa kuipoza, karatasi inaungua, nyaya zinagusana, kwisha." Akajifuta mikono. "Mimi nawashukuru. Watoto wangu wanasoma kwa ujinga wenu."

Njia nzima ya kurudi wale wanne walikuwa wamelewa wanaimba. Nilijua kuna kitu kinachemka ndani ya Narsavva, maana alikuwa akiunoa mundu kwenye ubavu wa trela langu, na rangi ile niliipaka kwa jasho langu mwenyewe.

Transfoma iliporudi imefumwa upya, ikapandishwa, ikapakwa manjano na unga mwekundu, ikavishwa shada la maua. Ndivyo tunavyofanya. Kisha Dora akashika nazi ya kuvunja, na mtu mmoja akamwambia Narsavva asogee nyuma, mjane hasimami karibu na jambo la heri.

Alisogea. Lakini mdomo haukusogea.

"Mnaivunjia nazi," akapaza sauti, "halafu kesho mnaivunja mgongo! Hiyo si tangi, enyi wapumbavu! Haina akiba ya kugombania. Atakayewasha wa kwanza na atakayewasha wa mwisho wanapata sawa!"

Akawaeleza yote, mkokoteni na mizunguko na sumaku. Alieleza vizuri kuliko ninavyoeleza mimi. Wao wakaanza vicheko.

"Mahbub kafungua chuo cha wajane!"

"Dada, ukimaliza umeme utufundishe na mvua inavyonyesha."

"Mvua mnaijua," akajibu, "ndiyo maana mkinyeshewa mnakimbilia ndani. Hapa mnanyeshewa moto na mnapiga makofi."

Wachache walicheka upande wake. Mwishowe hata Dora akasema haya, hakuna hasara, tuziondoe otomatiki, tuwashe kwa mkono, kila mmoja baada ya jirani yake, kuanzia bondeni mpaka mwinukoni. Narsavva awe wa mwisho. Akakubali kuwa wa mwisho. Lakini alitaka waape. Kwa hiyo tukaenda mpaka kwenye jiwe la Maisamma, mungu wetu wa kike, na kila mwenye mota akaweka mkono juu ya chungu kilichopakwa manjano, akaapa. Niliwaona kwa macho yangu. Walikuwa na nyuso za watu wazima wenye adabu.

Kesho yake nilikuwa napakia samadi karibu na shamba la Narsavva. Yeye alisimama kwenye kibanda chake cha pampu, mkono kwenye swichi, akisubiri asikie mota ya jirani ndipo awashe yake. Saa nne umeme ukaingia.

Zilinguruma zote.

Sisemi karibu zote. Bondeni, katikati, kushoto, kulia, zote kwa mpigo mmoja kama siku zote. Waliapa ili wenzao waondoe. Kila mmoja alijiambia kwamba wengine wameshaondoa, sasa hii yangu moja itaiumiza vipi? Kila mwamba ngoma huvutia kwake, na siku hiyo ngoma ilipasuka. Mota ya Narsavva peke yake ndiyo ilikuwa kimya. Kutoka upande wa transfoma tulisikia mvumo ukipanda, kisha mlio wa kupasuka, kisha moshi. Mota zote zikanyamaza.

Narsavva hakupiga kelele. Aliondoa mkono kwenye swichi ambayo hakuwahi kuiwasha, akakaa chini. Mimi ndiye niliyepiga kelele. Nilitukana matusi ambayo mama yangu, Mungu amrehemu, angeyasikia angenipiga fimbo ya mwanzi kichwani.

Safari hii Mahbub alisema tungoje. Ulikuwa msimu wa ujinga wilaya nzima, karakana yake imejaa transfoma mpaka barabarani. Dora alikuwa na injini ya dizeli, akamwagilia lake, na waliokuwa chini ya mfereji wake wakapata masazo. Narsavva alimwendea.

"Dora, nipe maji. Mpunga unachanua."

"Maji hayapandi mlima, Narsavva. Ningekupa."

"Injini yako ina magurudumu. Inaweza kuja kisimani kwangu."

"Ikitoka hapa, langu litakauka. Kila mtu na bahati yake."

Alibeba maji kwa mitungi kutoka kwenye dimbwi la ng'ombe. Nilimsaidia kwa pipa nyuma ya trekta, lakini mchanga ule ulikunywa kila kitu na kuomba zaidi. Masuke yalitoka meupe. Ukiyaminya hakuna kitu ndani, ni kama kuminya kitambaa. Mkulima yeyote akiyaona masuke meupe anajua hakuna dawa tena.

Siku alipokubali kwamba shamba limekufa, alikwenda kusimama katikati ya kijiji, asubuhi, watu wote wapo.

"Leteni ng'ombe!" akaita. "Ng'ombe wenu wote! Mmenichomea shamba, basi waje wamalizie. Mbona mnanitazama? Leo ni karamu. Komuraiah, fahali wako yuko wapi? Wewe uliapa kwa mkono wa kulia au wa kushoto? Lete fahali!"

Kwetu mtu akiingiza mifugo kwenye mpunga uliosimama, ni kama amefungua jeneza watu waangalie. Lakini huwa anaingiza yake mwenyewe. Hakuna aliyewahi kuita ya kijiji. Wanaume wakatazama viatu, na wengi wao hawana viatu. Alipoona hawaendi, akafungua mazizi yao mwenyewe, zizi baada ya zizi, akawaswaga ng'ombe mpaka mwinukoni. Hakuna aliyethubutu kumzuia. Ng'ombe wakala. Yeye alikaa ukingoni akiwatazama mpaka walipomaliza, na mimi nilikaa naye. Nililia, sioni haya kusema. Yeye hakulia.

Asubuhi iliyofuata alikuta otomatiki mlangoni pake. Zilikuwa zimeng'olewa, nyaya zinaning'inia, zimewekwa kimya kimya bila mtu kubisha hodi. Wengine walikuja mchana, wakaweka zao huku wakitazama pembeni. Komuraiah alianza kusema neno la kuomba radhi.

"Nenda zako," Narsavva akamkatiza. "Mmekula nyama, sasa mnaniletea mifupa. Nitapika hivi viboksi mwaka mzima?"

Watu walimsema kwamba hana shukrani. Mimi nasema alikuwa mpole mno.

Transfoma ikarudi. Manjano, unga mwekundu, shada la maua, nazi. Dora akasimama mbele. Narsavva alikuja bila kuitwa, akasimama pale pale alipokatazwa, na safari hii hakuna aliyefungua mdomo kumwambia asogee.

"Dora," akasema, "sijaona cha kwako mlangoni."

"Nimekiondoa mwenyewe. Kiko nyumbani." Akacheka kidogo. "Au unataka niape tena?"

"Hapana. Kiapo chako nakijua. Kiko kwenye tumbo la fahali wa Komuraiah."

Akaivunja nazi. Vipande vikagawiwa, tukala. Dora mwenyewe ndiye aliyesema tungoje umeme pale pale, tuone baraka ya nazi. Tukangoja, kila mtu anatafuna, wenye mota wamekubaliana kwamba ukiingia ndipo watawanyike kwenda kuwasha kwa zamu.

Nadhani hakuna aliyelifikiria hili kabla, hata Dora. Siku zote mota zilipokuwa zikinguruma pamoja, huwezi kujua ni ya nani imeanza na ni ya nani imengoja. Kelele ya wote ilimficha kila mmoja.

Saa nne transfoma ikaanza kuvuma juu ya vichwa vyetu, mvumo wa chini, wa kawaida. Mashamba yote kimya. Kisha kutoka bondeni, chini ya miembe ya Dora, ikanguruma mota moja kubwa, peke yake, safi kabisa, kila mtu akaisikia. Na transfoma ikaibeba bila shida, kwa kuwa wengine wote walikuwa wamengoja.

Watu wakaacha kutafuna. Dora alikuwa bado ameshika kifuu cha nazi.

"Itakuwa mfanyakazi," akasema. "Nitamuuliza."

Narsavva alitoa mundu kiunoni, akaanza kutembea kuelekea kwenye ule mngurumo. Komuraiah akawa wa kwanza kumfuata, kisha jirani yake, kisha wote, hata wale waliocheka habari ya chuo cha wajane. Dora aliita majina yao, mmoja mmoja. Hakuna aliyegeuka. Nilipogeuka mimi kumtazama, alikuwa amebaki na shada la maua na transfoma.

Njia fupi ya kwenda bondeni inakatisha shamba la Narsavva. Zamani sote tulikuwa tukipita juu ya ukingo, mmoja nyuma ya mwingine, ili tusiukanyage mpunga wake. Siku hiyo tulipita katikati, tumetapakaa, na yeye alitangulia mbele bila kutazama chini.